Risasi ya Midgley na funzo lake kwa shule za Changamwe

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo tumezoea kuisikia katika somo la Kiswahili, au nyumbani pale mzee anapomwonya kijana anayeidharau homa. Ni nadra kuisikia katika maabara ya kemia. Hata hivyo, leo nimenuia kuipeleka huko, kwa kuwa maisha ya Thomas Midgley, mmoja wa wavumbuzi mashuhuri wa karne ya 20, yanaifafanua methali hiyo kwa namna ambayo mwanafunzi hataisahau.

Yamkini msomaji atauliza Mmarekani aliyefariki mwaka 1944 ana uhusiano gani na watu wa Mombasa bara. Jibu liko Changamwe. Msafiri anayevuka Makupa kutoka kisiwani hakosi kuyaona matangi makubwa ya mafuta. Hapo ndipo kilipo kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963, kikaongezewa mitambo ya pili mwaka 1974, na hatimaye kikaacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Kwa muda wa miaka 50, kazi kubwa ya mitambo hiyo ilikuwa kutenganisha minyororo ya atomu za kaboni, mirefu kando na mifupi kando, na kuibadili umbo baadhi yake.

Minyororo hiyo ndiyo ile ile ambayo wanafunzi wa shule zetu za upili huichora ubaoni. Atomu ya kaboni ni kama mtu mwenye mikono minne. Atomu hizo zikishikana mkono kwa mkono katika mstari mmoja usio na matawi, na mikono inayosalia ikashika atomu za haidrojeni, tunapata jamaa ya alkani nyoofu: methani, ethani, propani, butani, pentani, heksani, heptani na oktani. Mwanafunzi huyakariri majina hayo kama akaririye beti za shairi, akayaandika katika mtihani, kisha yakampotea. Asichoambiwa ni kwamba unyoofu wa minyororo hiyo uliwahi kuwasumbua wahandisi wa dunia nzima, na kwamba dawa waliyoitumia iliwadhuru watoto wa mataifa yote, wa Kenya wakiwemo.

Midgley alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 katika mji wa Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania. Baba yake naye alikuwa mvumbuzi. Kijana alikulia Columbus, Ohio, akasomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell na kuhitimu mwaka 1911. Hakuwa na shahada ya kemia. Kemia alijifunza mwenyewe, akiwa kazini, kwa kusoma na kwa kujaribu. Katika hilo, mwanafunzi asiye na bahati ya kupata kila somo alilolitamani ana la kujifunza kwake.

Mwaka 1916 Midgley aliingia kazini chini ya Charles Kettering huko Dayton, Ohio. Kettering alikuwa ameshajipatia sifa kwa kuunda kifaa cha umeme cha kuwasha injini za magari. Alimkabidhi kijana wake tatizo lililokuwa likiwakera wenye magari wa zama hizo, nalo ni kugonga kwa injini. Gari lilipopandishwa mlima au kukazwa mwendo, mlio kama wa nyundo ndogo ulisikika ndani ya injini. Nguvu zilipungua, na pistoni ziliweza kupasuka.

Ili kuuelewa ugonjwa huo, hatuna budi kuchungulia ndani ya silinda. Pistoni huusonga mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli. Kila aliyewahi kupuliza gurudumu la baiskeli kwa pampu anajua kuwa hewa inayosongwa hupata joto. Kisha plagi hutoa cheche, na moto husafiri kutoka kwenye cheche hadi pembe za silinda kwa utaratibu. Iwapo mvuke uliosalia pembeni utawaka wenyewe kwa joto na msongo kabla moto haujaufikia, mlipuko wa pili hutokea na kuligonga chuma. Kwa sababu hiyo, watengenezaji wa magari hawakuthubutu kuusonga mchanganyiko kupita kiasi, ilhali kusonga zaidi ndiko kunakoleta nguvu zaidi na kupunguza matumizi ya mafuta.

Midgley na Kettering walianza na dhana potovu. Walidhani kwamba petroli ikitiwa rangi nyekundu itavuta joto mapema na kuwaka vyema. Midgley alipotafuta rangi akaikosa, akatumia madini ya joto, yaani ayodini, kwa kuwa nayo ina wekundu. Injini ikaacha kugonga. Alipojaribu baadaye rangi nyekundu halisi, haikufua dafu. Mtu mwingine angeling'ang'ania dhana yake. Yeye aliitupa, akakiri kuwa rangi haikuhusika, akaendelea kutafuta. Ninapenda walimu waisimulie sehemu hii, maana ndiyo sayansi yenyewe: kuwa tayari kukanushwa na majaribio.

Utafutaji huo ulichukua miaka kadhaa. Kitu kimoja baada ya kingine kilitiwa ndani ya injini ya majaribio. Baadhi vilifaa lakini vilinuka vibaya, kama vile misombo ya seleniamu na teluriamu, ambayo harufu yake iliganda nguoni na mwilini mwa watafiti. Tarehe 9 Desemba 1921 walijaribu kimiminika kinachoundwa kwa kuunganisha atomu moja ya risasi na minyororo minne mifupi ya kaboni, kila mmoja wenye kaboni mbili. Kimiminika hicho huitwa tetraethili ya risasi. Sehemu moja yake katika zaidi ya sehemu 1,000 za petroli ilitosha kuinyamazisha injini. Februari 1923 petroli yenye dawa hiyo ikaanza kuuzwa Dayton. Mwaka uliofuata kampuni iliyoitwa Ethyl ikaundwa ili kuiuza dawa. Jina la biashara halikutaja risasi hata kidogo.

Hapa ndipo inapofaa kuuliza swali ambalo Midgley alilinyamazisha kabla ya kulijibu. Kwa nini petroli ilikuwa ikigonga? Jibu lilipatikana muda mfupi baadaye, tena ndani ya kampuni ile ile ya Ethyl. Mwanakemia Graham Edgar alizichunguza haidrokaboni safi moja baada ya nyingine katika miaka ya 1926 na 1927. Alibaini kwamba ubaya ulikuwa katika umbo. Heptani nyoofu, mnyororo wa kaboni saba usio na tawi, ambayo hupatikana pia katika utomvu wa aina fulani ya misonobari, iligonga vibaya mno. Kwa upande mwingine, isooktani, yenye kaboni nane zilizojipanga kwa matawi, haikugonga hata injini iliposongwa sana. Basi ya kwanza ikapewa alama 0 na ya pili 100, na hivyo ndivyo ulivyozaliwa mizani wa oktani. Nambari zinazoandikwa hadi leo katika vituo vya petroli, zikiwemo 93 na 95, zinatokana na mizani huo.

Nambari hizo humfunulia mwanafunzi siri ya mnyororo mnyoofu. Pentani nyoofu hupata alama takriban 62, heksani 25, heptani 0, na oktani nyoofu hushuka chini ya sufuri. Kadiri mstari unavyorefuka bila tawi, ndivyo ugomvi wake na injini unavyozidi. Tazama sasa oktani nyoofu na isooktani. Zote mbili zina kaboni 8 na haidrojeni 18, hazitofautiani hata kwa atomu moja. Lakini oktani nyoofu ina kaboni mbili tu za ncha, na sita za katikati, kila moja ikishika haidrojeni mbili. Isooktani ina kaboni tano za ncha, kila moja ikishika haidrojeni tatu. Haidrojeni za katikati ya mstari hung'olewa na oksijeni kwa wepesi zaidi kuliko zile za nchani. Mnyororo mnyoofu, basi, una mahali pengi pa kushambuliwa, na huanza kuungua kabla ya cheche kuufikia. Wenye matawi huvumilia hadi zamu yake ifike.

Kwa hiyo tiba ya kweli ilikuwa kuupinda mnyororo, au kuuchanganya na kitu kisichogonga. Risasi haikufanya hata moja kati ya hayo. Ilipoungua ndani ya silinda iligeuka kuwa chembechembe za oksidi zilizozikamata chembe kali zinazoanzisha mwako wa mapema. Mnyororo ulibaki vile vile. Mlio ulizimwa, na risasi ikatoka kwa bomba la moshi hadi barabarani.

Msomaji asidhani kuwa Midgley hakuwa na njia nyingine. Yeye na wenzake walikuwa wameijaribu pombe ya ethanoli na kuona kuwa nayo huzuia kugonga. Lakini ethanoli ingeweza kutengenezwa na mtu yeyote mwenye mahindi au miwa, ilhali tetraethili ya risasi ililindwa kwa hataza na kumletea faida mwenye hataza hiyo. Sisi Wakenya tunajua kuwa njia ya ethanoli si ndoto: katika miaka ya 1980 nchi hii iliwahi kuchanganya petroli na ethanoli iliyotokana na molasi huko Muhoroni. Wala haikuwa siri kwamba risasi ni sumu. Madhara yake yalijulikana tangu kale. Midgley mwenyewe alidhurika, na mapema mwaka 1923 alilazimika kuacha kazi na kwenda kupumzika Florida ili mapafu yake yapate hewa safi.

Oktoba 1924 maafa yalijitokeza hadharani. Katika kiwanda cha Bayway, jimbo la New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wakiitengeneza dawa hiyo walirukwa na akili. Watano walikufa na wengine zaidi ya 30 wakaugua. Tarehe 30 mwezi huo Midgley aliwaita waandishi wa habari jijini New York, akanawa mikono kwa kimiminika hicho mbele yao, na kuivuta harufu yake kwa takriban dakika moja ili kuonyesha kwamba hakina hatari. Huyu ni mtu aliyekuwa ameugua kwa sumu ile ile mwaka mmoja tu uliotangulia. Sioni neno la kumtetea katika siku hiyo.

Mwaka 1925 mauzo yalisimamishwa na serikali ya Marekani ikaitisha mkutano wa wataalamu. Daktari Alice Hamilton, bingwa wa magonjwa ya viwandani, alikuwa miongoni mwa waliopinga dawa hiyo waziwazi. Kamati iliyoteuliwa ilichunguza kwa miezi michache, na mwanzoni mwa 1926 ikatangaza kwamba hakukuwa na sababu ya kutosha ya kuipiga marufuku. Mauzo yakarejea. Dunia ikaikubali petroli yenye risasi kwa miongo mingi iliyofuata.

Midgley aliendelea kupaa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliongoza kuundwa kwa gesi ya majokofu isiyowaka wala kumdhuru aivutaye, katika jamii ya klorofluorokaboni. Miaka mingi baada ya kifo chake, mwaka 1974, wanasayansi walionya kwamba gesi hizo huutoboa utando wa ozoni unaotukinga na miale ya jua, na mwaka 1987 mataifa yakaafikiana huko Montreal kuziondoa. Tofauti na risasi, hatari hiyo Midgley hakuweza kuijua. Haki inatudai tuitambue tofauti hiyo.

Alitunukiwa nishani za heshima, na mwaka 1944 alikuwa rais wa Chama cha Kemia cha Marekani. Lakini tangu 1940 alikuwa amepoozwa na polio. Hodari wa kuunda vitu, alibuni mfumo wa kamba na kapi wa kumwinua kitandani. Tarehe 2 Novemba 1944 alikutwa amenyongwa na kamba hizo. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Risasi yake haikufa naye. Katika miaka ya 1960 mwanajiokemia Clair Patterson, yule aliyeukadiria umri wa dunia kuwa takriban miaka bilioni 4.55, alionyesha jinsi risasi ya viwanda na magari ilivyoichafua hewa, bahari na miili ya watu. Tiba ya kweli nayo ilikuwa tayari imepatikana. Vladimir Haensel alikuwa ameonyesha jinsi platinamu inavyoweza kutumiwa kama kichocheo cha kubadili minyororo minyoofu kuwa ya matawi na ya pete, na mtambo wa kwanza wa aina hiyo ulianza kazi mwaka 1949. Mitambo ya ukoo huo ndiyo iliyojengwa pia Changamwe. Ni kweli kwamba baadhi ya pete hizo, hasa benzini, zina sumu yake na hudhibitiwa. Lakini zinadhibitika, kwa kuwa zinaweza kuungua zikaisha. Risasi ni elementi, na moto hauwezi kuiangamiza. Ikishatua kwenye udongo wa kando ya barabara, hapo ndipo makao yake.

Tulichelewa. Petroli yenye risasi iliendelea kuuzwa nchini Kenya hadi mwishoni mwa mwaka 2005. Mataifa ya Afrika yaliyo kusini ya Sahara yalikuwa yamekubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na mwanzoni mwa 2006 yakatimiza. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, ndilo lililotangaza mwisho huo. Karibu karne nzima ilikuwa imepita tangu lile jaribio la Dayton.

Hapa kwetu, karaha ya risasi haikuishia kwenye petroli. Mwendo mfupi kutoka Changamwe, katika kijiji cha Owino Uhuru huko Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014 na kuwadhuru wakazi kwa risasi. Bi. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, aliongoza mapambano ya kutafuta haki. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ukapingwa katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Risasi ya betri si ile ya petroli, lakini mwili wa mtoto hauzitofautishi. Mwili huipokea risasi kama kwamba ni kalisi ya mifupa, nayo huuathiri ubongo unaokua. Hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Wako watakaosema kwamba mwalimu wa kemia ana silabasi ndefu na muda mfupi, na kwamba hadithi za watu zina mahali pake katika somo la historia. Siafikiani nao. Majina ya alkani yakifundishwa matupu huwa mzigo wa kumbukumbu. Yakifundishwa pamoja na Midgley, mwanafunzi hupata sababu ya kuyajua. Wala hahitaji maabara ya fahari. Njiti za kiberiti na vidonge vya udongo vinatosha kuunda oktani nyoofu na isooktani juu ya dawati, kuhesabu ncha za kila moja, na kueleza ni ipi itakayogonga na kwa nini. Mwalimu na aongeze kwamba mnyororo mnyoofu si mwovu kwa asili yake. Ndani ya injini ya dizeli, ambayo haina plagi na hutegemea mafuta yawake yenyewe, heksadekani nyoofu yenye kaboni 16 ndiyo iliyopewa alama 100. Malori yanayotoka bandarini kupitia Changamwe kwenda bara yanasukumwa na unyoofu ule ule unaoikera injini ya petroli. Umbo moja hufaa hapa likadhuru pale. Kazi ya mwenye elimu ni kulijua umbo kabla ya kutafuta dawa.

Wanafunzi wa leo wa Changamwe, Likoni na Kisauni ndio watakaokuwa wahandisi, wakaguzi wa viwanda na madiwani wa kesho. Siku moja mmoja wao ataletewa dawa nafuu inayonyamazisha mlio na kuuacha ugonjwa, na ataahidiwa sifa na faida akiipitisha. Midgley hakushindwa kwa ukosefu wa akili. Alishindwa siku alipoijua sumu mwilini mwake, akanawa nayo mikono mbele ya watu. Kijana aliyeisikia habari hiyo darasani, njiti zake za kiberiti zikiwa mkononi, atakuwa na cha kukumbuka siku yake itakapofika.